Naomba ushauri: mazoezi ya kila siku shuleni

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na naomba ushauri wenu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, lakini kwetu kipindi cha michezo ni kimoja kwa wiki, nacho humezwa na marudio ya hesabu kila mitihani inapokaribia. Nimejaribu kuwasimamisha wanafunzi dakika 5 katikati ya somo, wakaruka na kunyoosha viungo, na hata yule anayesinzia karibu na dirisha akarudi kuandika akiwa macho kabisa. Je, nimshawishije mwalimu mkuu atenge muda wa kila siku? Na wale wanaojificha nyuma mpira unapotolewa, niwashirikisheje bila kuwaaibisha?