Kigango kilichorudishwa: kilindwe au kiachiwe mchwa?

Swali
Ndugu zangu, nasomea uhifadhi wa mambo ya kale, na kuna jambo ambalo darasani tunalipita upesi mno. Mwaka 2019 jumba la makumbusho ya asili na sayansi la Denver, Marekani, liliirudishia Kenya vigango 30, yaani mbao ndefu za kuchongwa za Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambavyo husimikwa kwa ajili ya wazee waliofariki wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Tunafundishwa kwamba kazi ya mhifadhi ni kukilinda kitu kisiharibike. Je, ni haki kukilinda kile ambacho wenyewe walikusudia kizeeke na kuoza pale pale kiliposimama?

Jibu la kwanza
Mdogo wangu, mimi ni Mgiriama, mmoja wa Wamijikenda, na nashukuru umeuliza. Ukikitazama kwa karibu utaona ubao mrefu wa mti mgumu, uliojaa pembetatu ndogo zilizochongwa kwa subira, lakini kwetu hicho si pambo, kwa maana ndipo koma ya mzee, yaani roho yake, inapotulizwa na kutiliwa tembo la mnazi. Kikishasimikwa hakihamishwi, na ukoo ukihama hukiacha nyuma ukachonga kibao kidogo badala yake. Kwa hiyo mchwa si adui yake. Aliyeking'oa akakiuza ndiye aliyekiharibu, hata kama leo kinang'aa ndani ya kabati la kioo.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu maana ya kigango, ila nisingependa tuidharau kazi ya kumbukumbu. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili vya ukoo wake, ambavyo baadaye viliibwa. Ni picha hiyo iliyowezesha kuvitambua vilipoonekana Marekani, na kimojawapo kikarejeshwa kwa ukoo mwaka 2007. Nimewahi kusimama katika jumba moja ng'ambo, mbele ya kigango chenye kibandiko kilichosema tu «nguzo ya kaburi, Afrika Mashariki». Hakikuwa nguzo ya kaburi, kwa sababu kigango hakisimikwi kaburini, wala hapakuwa na jina la ukoo au la kijiji. Niliumia sana, kwani aliyekiandika alikuwa amemzika mzee yule mara ya pili bila jina.

Kwa maoni yangu, ukoo ukijulikana, kirudi kwao, na wao ndio waamue kama kitafungiwa dhidi ya wezi au kitaachiwa mvua. Usipojulikana, jumba likipokee kama mgeni wa muda, liandike wazi kwamba kiliibwa, na liendelee kuutafuta ukoo wake.

Muulizaji
Nawashukuru nyote. Kaka, umenigusa uliposema habari ya tembo, maana kanuni tunazofundishwa zinakataza kinywaji chochote karibu na mikusanyo. Nitamwomba mwalimu wangu tuwaalike wazee kabla ya kuandika kibandiko chochote, na tuwaulize kwanza kama wangependa kutilia koma humo ndani.