Chevrolet C10 ya nati sita kugeuzwa nati tano: adapta ziruhusiwe barabarani au zipigwe marufuku?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Hoja hii nailenga hasa kwa tulioko Texas, lakini popote ulipo, kama unashika spana, karibu uchangie.

Pikapu za Chevrolet C10 za 1960 hadi 1970 zilitoka kiwandani na nati sita kila gurudumu, boliti zikiwa kwenye duara la milimita 139.7. Mwaka 1971 zikaja breki za diski mbele, na C10 zikahamia nati tano, duara la milimita 127. Sasa mwenye pikapu ya 1968 akiona rimu pana za nati tano moyo unamwenda mbio, na njia ya mkato ni adapta: bamba nene la alumini linalofungwa kwenye habu (sehemu inayozunguka, ambayo rimu hufungwa juu yake) kwa zile nati sita, halafu rimu inakaa juu ya boliti tano zilizopandikizwa kwenye bamba hilo.

Msimamo wangu: pikapu yenye breki za dramu mbele (za zamani, kabla ya diski) isipite barabara ya umma ikiwa na adapta hizi. Nati tano zilikuja pamoja na diski. Ukichukua nati ukaacha breki, umechukua sura peke yake, na sura hiyo huja na matairi mapana na mara nyingi injini yenye nguvu kuliko ya awali. Kusimama ni kulekule kwa 1968, kwenda ni kwa leo. Halafu bamba lenyewe, ambalo kwa kawaida lina unene wa milimita 25 hadi 32, linasukuma gurudumu nje kiasi hichohicho kila upande. Beringi inabeba mzigo mbali zaidi na ilipokusudiwa, na usukani unavuta kila unapokanyaga shimo.

Tangu Januari 2025 Texas imefuta ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari yasiyo ya biashara. Kwa hiyo hakuna tena siku moja katika mwaka ambayo mtu baki analazimika kuitazama gari yako. Australia inakataza kuweka kati ya habu na rimu spesa (bamba la kusogeza rimu nje) au adapta ambayo gari haikuja nayo. Ujerumani inaruhusu, ila kifaa kiwe na cheti na mkaguzi aidhinishe. Kwa magari mengine mfumo wa Ujerumani unanitosha. Kwa dramu za zamani nataka wa Australia. Karibuni.

Chuma cha Kale

Mkuu, nakupinga. Porsche wenyewe wanauza spesa kama kifaa halali cha gari zao, kwa hiyo huwezi kusema kuweka kitu kati ya habu na rimu ni kosa. Kinachoua ni adapta ya bei ya chini yenye matundu marefu ya kulazimisha kila aina ya gari, na mtu anayekaza kwa mashine ya upepo hadi inalia, kisha anaondoka. Adapta iliyochongwa kwa gari lako, inayokaa sawasawa kwenye kitovu cha habu, ikakazwa kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) na kurudiwa baada ya kilomita themanini au mia, inafanya kazi.

Tena tufikirie gharama. Kubadilisha mfumo wote wa mbele kunataka winchi ya kuinulia injini, karakana na fedha. Sheria unayoitaka itamwachia pikapu ya zamani mwenye pesa peke yake. Mimi nataka adapta zipimwe na zipigwe muhuri, basi.

Fundi Dramu, Dar

Naongezea jambo moja tu la kiufundi, kwa sababu kuna kijana ameniuliza pembeni kama anaweza kutoboa matundu matano mapya kwenye dramu ileile ya sita, akaepuka adapta.

Usitoboe, kijana wangu. Fanya hesabu. Matundu sita yanapishana nyuzi 60, matano nyuzi 72. Uyazungushe utakavyo, lazima tundu jipya moja liangukie nyuzi 6 au chini ya hapo kutoka la zamani. Duara la 139.7 na la 127 nusu zake zinatofautiana milimita 6.35. Ukiweka hayo pamoja, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jirani yake hupati hata milimita 10, na boliti zenyewe ni nene kuliko hapo. Yataingiliana, na huo ni chuma cha kumimina, hakipendi kujazwa kwa kuchomelea. Huko si kupona, ni kuvunjika njiani.

Na kwa anayenunua rimu za nati tano kwa macho: hakuna boliti inayotazamana na mwenzake, kwa hiyo pima kutoka katikati ya boliti hadi katikati ya inayofuata. Kwa duara la 127 utapata karibu milimita 74.7. Ukipata 70.9 hiyo ni 120.65, ya magari madogo ya Chevrolet. Tofauti haifiki milimita nne, na watu wanailazimisha kwa nati. Ukipata 82 umeshika ya pikapu ya Ford F-100.

Mama Pikapu

Ndugu zangu, mbona hakuna anayeuliza kwa nini tuhame? 139.7 ya nati sita ndiyo ya Hilux nyingi, ndiyo ya Land Cruiser za zamani, na pikapu ya Chevrolet Silverado 1500 inaitumia tangu 1999. Rimu za nati sita zimejaa. Na ziko seti za diski za mbele zinazofungwa kwenye C10 hizo na kubakiza nati sita. Unapata breki ile uliyoitaka, mleta mada, rimu unabadilisha, habu hakuna aliyeibandika bamba. Cha kuangalia ni tundu la katikati la rimu lipite kwenye habu, na rimu isikae ndani sana ikagusa mkono wa chini wa sasipensheni.

Ninashangaa wanaume wanagombania adapta wakati jibu liko kwenye nati zilezile walizokuja nazo.

Mleta mada

Dada, hoja yako ni nzito, na kwa asiyetaka rimu maalumu za nati tano nakubali ndiyo njia bora. Anayezitaka kwa kweli, atafute krosimemba (fremu ya kukingama inayobeba sasipensheni) ya mbele ya C10 ya 1973 hadi 1987 pamoja na spindeli (ekseli fupi za magurudumu ya mbele) na diski zake. Inaingia kwenye chesisi ya pikapu za 1963 hadi 1970 kwa kutoboa kidogo. Nyuma atafute ekseli ya 1971 au 1972, ambayo inakaa palepale kwenye springi za koili. Ya 1973 kuendelea imetengenezwa kwa springi za majani, itabidi vikalio vya springi vikatwe na kuchomelewa upya.

Chuma cha Kale, muhuri nauafiki. Lakini uniambie: Texas sasa hakuna ukaguzi, nani atauangalia huo muhuri kabla gurudumu halijachomoka kwenye barabara kuu ya I-10?

Chuma cha Kale

Muuzaji ndiye abanwe, mkuu. Isiyo na muhuri isiuzwe dukani wala mtandaoni. Huhitaji kumkamata dereva hata mmoja.