Tupeane uzoefu: mgonjwa wa figo na sufuria la mtori

Kiborloni_Stendi: Wadau, msimu wa kipaimara ndio huu. Kila nyumba mtori, na siku hizi karibu kila ukoo una mtu wa kusafisha damu. Juzi mama mmoja katoka mashineni, kajaziwa bakuli, "kula upate nguvu." Wenye kuyajua mapishi ya figo mwageni hapa.

Mwiko_Mrefu: Shida ya mtori ni kwamba maji yake hayamwagwi. Potasiamu ya ndizi, madini ambayo figo mbovu zinashindwa kuyatoa mwilini, huhamia kwenye maji ya kuchemshia, na mtori unapondwa humo humo. Afisa lishe anayeijua kazi hamkatazi Mchaga ndizi, atadanganywa tu. Anabadilisha mapishi. Menya ndizi mshare, katakata vipande vyembamba, weka maji mara kumi ya ndizi, chemsha dakika kumi, mwaga. Tia maji mapya, chemsha hadi ziive, mwaga tena. Ndipo uponde, utie nyama iliyochemshwa kando na maji moto kidogo ya kulainisha. Supu ya nyama wanywe wengine. Magadi usitie, yana sodiamu nyingi.

Ngarenaro_Tulivu: Kweli tupu. Na mnafu hivyo hivyo, maji yake yamwagwe.

Meku_Asiyezeeka: Mnajisumbua. Loweka usiku kucha, inatosha.

Mwiko_Mrefu: Shikamoo meku, lakini haitoshi. Kuloweka peke yake kunatoa kidogo, kinachotoa ni kuchemsha na kumwaga.

Dada_Lishe: Na msiwanyime wote. Potasiamu ya kwenye damu ikisoma kati ya 3.5 na 5, ndizi ina kosa gani? Vipimo kwanza, katazo baadaye.

Sakina_Juu: Ngoja niwape ya jirani. Mzee kasafishwa Ijumaa, zamu nyingine Jumatatu. Katikati hapo siku mbili hana mashine, na Jumamosi kuna harusi: machalari (ndizi za nyama) sahani mbili, parachichi, mbege. Jumapili jioni anapanda ngazi tatu za barazani, miguu inagoma. Watoto wakadhani njaa. Wakampa juisi ya chungwa na ndizi mbivu mbili! Usiku hospitali potasiamu 7.4, mapigo ya moyo yamevurugika. Akachomwa kalsiamu kuulinda moyo, akapewa insulini na glukosi ili potasiamu iingie ndani ya seli kwa muda, kisha mashine. Akapona. Mtaalamu wa lishe hakugomba. Alisema leteni kila kilichoko kabatini, akasoma paketi moja moja. Akaikuta "chumvi ya wenye presha", imepunguzwa sodiamu ikajaziwa potasiamu kloridi. Miezi miwili mzee anatiliwa hiyo kwenye kila mboga, kwa upendo.

Kiborloni_Stendi: Mungu wangu. Chumvi gani hiyo?

Ngarenaro_Tulivu: Taja jina!

Sakina_Juu: Jina halisaidii, ziko nyingi. Geuza paketi, ukiona potasiamu kloridi rudisha dukani. Ya kawaida, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa siku nzima, na kile kidonge cha supu kinahesabiwa humo.

Mangi_Bila_Shamba: Mimi hawa watu wa lishe siwaamini. Mgonjwa kaambiwa punguza nyama mwaka mzima, kaanza mashine kaambiwa ongeza. Wakubaliane kwanza.

Dada_Lishe: Wamekubaliana, mangi, ila hukusikiliza. Kabla ya mashine, mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 za protini kwa siku, figo zisibebe taka nyingi. Akianza mashine, protini nyingine inatoka na maji ya kusafishia, kwa hiyo anapanda hadi 60 au 72. Yai moja lina kama gramu 6. Anayeendelea kula mchicha na ugali kwa woga ndiye anayekonda mikono, na watu wanasema mashine inammaliza.

Mangi_Bila_Shamba: Haya, nyama nakubali. Dagaa?

Dada_Lishe: Mifupa yake ina fosforasi nyingi, madini mengine ambayo figo mbovu haziyatoi. Samaki wa minofu ni afadhali. Na vile vidonge vya kuzuia fosforasi vinamezwa pamoja na chakula. Ukivimeza alfajiri tumbo tupu, hakuna cha kuzuia.

Meku_Asiyezeeka: Maji mbona hamjagusa?

Mwiko_Mrefu: Kiasi cha kunywa kwa siku ni mkojo wa jana jumlisha nusu lita. Akikojoa mililita 200, leo ana 700. Jaza chupa kiasi hicho asubuhi. Akinywa chai kikombe, mimina kikombe nje ya chupa. Uji, supu, barafu, maji ya kumezea dawa, vyote. Chupa ikikauka, siku imeisha. Mizani ndiyo shahidi: kilo moja iliyozidi kati ya zamu na zamu ni lita moja ya maji. Na chumvi ikizidi, kiu haitashindwa na chupa yoyote.

Meku_Asiyezeeka: Na mbege?

Mwiko_Mrefu: Mbege inatoka kwenye chupa ile ile, meku. Na ni ndizi.

Meku_Asiyezeeka: Mmeniharibia kipaimara.