Dar mpaka Mwanza na Cessna 172, nimesahau nini?

RubaniWaJumamosi
Wakuu habari za wikiendi. Nina PPL (leseni ya rubani binafsi), masaa ya kuruka kama 110 hivi na mengi ni ya Dar, Zanzibar, Bagamoyo halafu narudi kula ugali nyumbani. Sasa mwezi wa nane kuna harusi ukweni Mwanza nikajisemea kwanini nisiende na 172 tunayochangia watu wanne. Nimepiga rula kwenye ramani napata kilomita 850 na ushee, kwa mwendo wa 200 kwa saa ni masaa manne na robo, tanki zikijaa ni lita 200 kwahiyo naona inafika bila kutua popote. Abiria ni waifu, mtoto wa miaka sita na shemeji, pamoja na mabegi ya harusi. Kuna kitu nimesahau?

KipangaMzee
Dogo umesahau kurudi. Mwezi wa nane kusi inakusukuma mgongoni ukienda, siku ya kurudi ndo inakupiga usoni. Upepo wa kilomita 35 tu kwa saa na mwendo wako unabaki 165, safari inakuwa masaa matano na zaidi, na hiyo injini inakunywa kama lita 35 kila saa, piga hesabu mwenyewe uone kama ile akiba ya mafuta ya nusu saa unayo. Mi binafsi natembea na akiba ya saa nzima.

Halafu AVGAS, petroli ya ndege ndogo kama yako. Viwanja vingi vya bara utakuta Jet A1 tu, mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, ya ndege za Caravan na majeti. Piga simu uwanjani wiki moja kabla, na usiulize "mafuta yapo?" maana atakujibu yapo, uliza "AVGAS ipo?" na umwambie akaangalie.

MamaMbawa
Mbona hakuna aliyegusa uzito? Lita 200 za AVGAS ni kilo 144. Ndege yenu tupu itakuwa kwenye 760 hivi (angalia karatasi yake, zinatofautiana) na uzito wake wa mwisho wa kuruka ni 1,157. Ukijaza tanki umebakiwa na kilo 250 za watu na mizigo. Wewe 85, waifu 70, shemeji 90, mtoto 20, tayari 265 na begi hata moja halijapanda. Hii si daladala kaka, hakuna kusogeleana.

Ningekuwa mimi ningekata safari Dodoma, ni kama kilomita 390 toka Dar. Ila pale uko futi 3,600 na kitu juu ya bahari, saa nane mchana nyuzi 28 hewa inakuwa nyepesi, ndege inajiona iko futi 6,000, inakimbia tu barabara inaisha. Toka Dar saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Dodoma uwe umeondoka kabla ya saa nne, mchana kule Singida hewa inachemka na huyo mtoto atatapika.

fundi_wa_hanga
Kuhusu mafuta ya Kipanga, mimi kiwanja kimoja (sikitaji) nililetewa boza la Jet A1, jamaa keshapanda ngazi anafungua kifuniko cha tanki, ananiambia bosi mafuta ni mafuta. Injini ya petroli ukiipa ile inakuzimia hewani. AVGAS ni ya bluu, na ukiwa na wasiwasi dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, AVGAS inakauka inaondoka, Jet inaacha doa la mafuta kama karatasi ya vitumbua.

Njiani mpaka Dodoma wengi wanafuata reli, ila SGR pale Kilosa inaingia kwenye mahandaki, wewe usiingie 😂 Milima ya Uluguru iache kushoto, inapita mita 2,600 na asubuhi upande wa bahari inapenda kuvaa wingu.

RubaniWaJumamosi
Dah asanteni, wakubwa shikamooni. Nimepiga simu viwanja viwili leo, cha kwanza "yapo", nikauliza kama Mzee alivyosema kumbe Jet tupu. Cha pili wanayo kwenye mapipa, nimeomba waniwekee. Shemeji nimemkatia tiketi ya basi, amenuna, anasema nimemuita mnene.

MamaMbawa
Mpe mabegi yote aende nayo. Na sato wa kurudi nao pia 😅