Watoto wa Mzee, Chumbageni

*Jumanne*

Zuhura 19:12
Assalam alaykum. Majibu ya Baba yametoka: kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa) 168, uchujaji wa figo 38. Jumamosi damu inarudiwa. Someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kupiga simu.

Saidi (Muskati) 19:15
168??? Mwaka jana ilikuwa 1.4! Innalillahi

Zuhura 19:17
Saidi, taratibu. Ile 1.4 ni miligramu kwa desilita, hii ni maikromoli kwa lita. Gawa 168 kwa 88.4, unapata 1.9. Imepanda, lakini imetoka 1.4 kwenda 1.9.

Kassim 19:18
Na deni langu mnigawie kwa 88.4 😂

Saidi (Muskati) 19:18
Deni lipi, la kisima?

Zuhura 19:21
Tusianze. Ijumaa kutwa Baba asile nyama, kuku wala samaki. Nyama iliyopikwa ina kreatinini yake, inaingia damuni na kupandisha namba bure. Maji anywe kama kawaida, asikaukiwe, wala msimjaze.

Zuhura 19:24
La pili, diklofenaki ya goti itoke nyumbani LEO. Inabana mshipa unaopeleka damu kwenye figo. Na yeye yuko kwenye losartani ya presha na kidonge cha kukojoza. Vitatu hivyo vikikutana figo inakosa msukumo wa damu. Goti likiuma apewe panado mbili za 500, zisizidi sita kwa siku.

Rukia 19:31
Kwa hiyo na losartani aache?

Zuhura 19:32
Hapana! Hiyo inamlinda figo. Akiharisha au kutapika ndipo tunampigia daktari siku hiyohiyo, huenda akamsimamishia kwa muda.

Rukia 19:36
Kuna mama kaniambia juisi ya mbirimbi inasafisha figo, glasi moja asubuhi. Mti si tunao uani

Zuhura 19:37
HAPANA RUKIA. Mbirimbi imejaa oksaleti, chumvi inayoganda fuwele ndani ya figo. Kerala, kule India, watu walikunywa juisi hiyohiyo figo zikagoma, fuwele zimeziba mirija, wengine wakafikia kusafishwa damu kwa mashine.

Kassim 19:38
Na achari?

Zuhura 19:39
Wewe kula. Baba aiache, chumvi yake tu inatosha kumharibia. Chumvi yake ya siku nzima ni kijiko kimoja cha chai, na ile ya kwenye mchemraba wa supu imo humohumo. Na zile chumvi za dukani "za wenye presha" msimnunulie, ni potasiamu, figo ikichoka haiitoi.

Kassim 19:40
Basi mbirimbi zote zangu 🙌

Idrisa 20:22
Nimechelewa, duka lilijaa. Metformini, dawa yake ya sukari, anameza miligramu 1000 mara mbili kwa siku. Uchujaji ukishuka chini ya 45 dozi inapunguzwa, isizidi 1000 kwa siku. Chini ya 30 inaachwa kabisa. Daktari aambiwe, msikate wenyewe. Na Jumamosi aende na mkojo wa kwanza wa asubuhi, wapime albumini (protini) ikilinganishwa na kreatinini. Damu peke yake haionyeshi kama figo inavuja. Ugonjwa sugu hauitwi sugu kabla ya miezi 3, kwa hiyo tusimzike.

Zuhura 20:25
Ahsante Idrisa. Vipimo na gari, kila mmoja 20,000 kwangu kabla ya Alhamisi.

Saidi (Muskati) 20:26
Kwako. Kama ya kisima.

Zuhura 20:26
Saidi

Shangazi Mwanaisha 21:48
Nimesoma yote. Kaka yangu yupo hapa sebuleni anasikiliza redio, hajui kama mnagawana damu yake. Nani kamuuliza? Vidonge vya goti nimevitoa. Hayo mengine mje mumwambie wenyewe, mkiwa mmekaa. Na kisima mama yenu alishakisamehe, mimi nilikuwepo.

*Jumatano*

Saidi (Muskati) 06:10
Shikamoo Shangazi. Nimetuma kwa Rukia.

Kassim 12:40
Gari liko gereji jamani, bushi za mbele

Rukia 13:05
Ijumaa usiku kuna hitima kwa jirani na Baba ndiye msomaji. Pilau itakuwaje?

Zuhura 13:06
Ale wali, nyama asile.

Kassim 13:07
Mwambie wewe 😂

Zuhura 13:20
Basi damu iwe Jumatatu, Jumapili ndiyo asile nyama. Idrisa, duka utafunga?

Zuhura 18:02
Idrisa?