Mjadala: Fedha za shule za Kentucky zifuate mtoto aliyeandikishwa au mtoto aliyehudhuria?

Mleta mada

Wanajukwaa, naomba tujadili kwa utulivu jambo linaloigusa kila familia yenye mtoto katika shule za umma za jimbo la Kentucky, Marekani, na familia zinazozungumza Kiswahili huko Louisville, Lexington na Bowling Green si chache. Jimbo linapogawa fedha kwa wilaya za shule, haliangalii ni watoto wangapi wameandikishwa; huangalia ni wangapi, kwa wastani, walikuwepo shuleni kila siku. Mimi nasema kipimo hicho kibadilishwe, na fedha zihesabiwe kwa idadi ya walioandikishwa.

Nieleze kwanza hesabu yenyewe inavyokwenda, kwa kuwa mara nyingi tunabishana juu ya kanuni ambayo hakuna aliyeisoma. Mfumo huo unaitwa SEEK, kifupi cha Kiingereza cha Support Education Excellence in Kentucky. Ulitokana na sheria ya mageuzi ya elimu ya mwaka 1990, iliyotungwa baada ya Mahakama ya Juu ya Kentucky kuamua mwaka 1989, katika kesi iliyoendeshwa na umoja wa wilaya 66 zenye kipato duni, kwamba mfumo mzima wa shule za jimbo ulikuwa unakiuka katiba, inayolitaka bunge liwe na mfumo bora wa shule za umma kwa jimbo zima. Tangu hapo, kila mwanafunzi amewekewa kiwango cha msingi, ambacho kwa mwaka wa fedha 2025–26 ni dola 4,586, na kiwango hicho huzidishwa kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku.

Baada ya hapo zinakuja nyongeza. Mtoto anayestahili chakula cha bure huongezewa asilimia 15 ya kiwango cha msingi. Mtoto mwenye ulemavu mkubwa huongezewa mara 2.35 ya kiwango hicho, mwenye ulemavu wa kati mara 1.17, na mwenye tatizo la usemi pekee 0.24. Mtoto anayejifunza Kiingereza, ambaye katika familia zetu ndiye tunayemjua zaidi, huongezewa 0.096 tu, yaani takriban dola 440 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho hakitoshi kumlipa mwalimu msaidizi hata kwa mwezi mmoja. Jumla ikishapatikana, pamoja na fedha za usafiri, jimbo hukata mchango wa lazima wa wilaya, ambao ni senti 30 kwa kila dola 100 za thamani ya mali inayotozwa kodi katika eneo hilo. Kinachobaki ndicho jimbo linachotuma.

Sasa tuchukue wilaya ya kubuni yenye watoto 1,000 walioandikishwa na mahudhurio ya asilimia 92. Kwa kiwango cha msingi italipwa kwa ajili ya watoto 920, na tofauti yake ni dola 366,880. Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba pengo hilo lote linaangukia upande wa fedha za jimbo. Mchango wa lazima wa wilaya haupungui watoto wanapokosekana, kwa sababu unapimwa kwa thamani ya mali wala si kwa idadi ya watoto. Kwa hiyo kila upungufu wa mahudhurio unakatwa moja kwa moja kwenye hundi inayotoka Frankfort, mji mkuu wa jimbo.

Na gharama hazipungui. Watoto wawili wakiugua katika darasa la watoto 25, mwalimu ni yule yule, basi linapita njia ile ile, na umeme unalipiwa kama jana. Anayeugua, anayehamahama kwa sababu ya kodi ya nyumba, anayekosa shule ili kumtafsiria mama hospitalini, mara nyingi ndiye mtoto wa familia yenye kipato kidogo. Mfumo unaipa wilaya yake asilimia 15 kwa sababu ni maskini, halafu unaipunguzia wilaya hiyo hiyo fedha kwa sababu ya yale yale yanayoletwa na umaskini. Ninaona ni vigumu kuitetea hesabu ya namna hiyo.

Mchangiaji, Lexington

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa maelezo, lakini sikubaliani na hitimisho lako. Fedha zinapofuata mahudhurio, mkurugenzi wa wilaya ana sababu ya kumtafuta mtoto asiyeonekana. Atapiga simu, atamtuma mtu mlangoni, atauliza kama kuna tatizo la usafiri au la mavazi ya baridi. Ukimlipa kwa jina lililoandikwa kwenye rejista mwezi wa Agosti, sababu hiyo inadhoofika, na mtoto aliyepotea mwezi wa Oktoba anaweza kuendelea kuiletea wilaya fedha hadi Mei bila mtu kuuliza yuko wapi.

Wengi wetu tuliokulia Tanzania tunalijua jambo hili kwa jina lake. Baada ya waraka wa elimu bila malipo kuanza kutekelezwa mwaka 2016, serikali ikawa inapeleka ruzuku ya uendeshaji shuleni kwa kila kichwa, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, na mwaka huo huo ikabidi uhakiki ufanyike nchi nzima kwa sababu ya wanafunzi hewa: majina yaliyokuwemo kwenye orodha bila watoto wenyewe kuwepo. Sisemi kwamba walimu wakuu wa Kentucky ni wezi. Nasema tu kwamba orodha hujazwa na mtu, na mtu huyo akilipwa kwa urefu wa orodha, haitafupishwa kwa haraka.

Tena, hata hao wa Kentucky hawahesabu kikatili kama unavyodokeza. Siku za hali mbaya ya hewa hurekebishwa katika hesabu, na wilaya ambayo idadi ya watoto wake inakua huongezewa fedha ndani ya mwaka.

Mchangiaji, Louisville

Mimi ni mzazi, sina utaalamu wa bajeti, lakini nataka kumjibu ndugu wa Lexington kuhusu hiyo sababu ya kumtafuta mtoto. Inafanya kazi pale ambapo shule inaweza kufanya kitu. Haifanyi kazi pale ambapo mtoto ana homa, na katika hesabu ya SEEK mtoto mwenye homa na cheti cha daktari ni sawa na mtoro: wote wawili hawapo. Cheti kinamwondolea mzazi lawama, lakini hakiirudishii wilaya hata senti.

Kuna kifungu kinachoshangaza zaidi. Sheria ya Kentucky inamruhusu mwalimu mkuu kuidhinisha hadi siku 10 za safari yenye manufaa ya kielimu, na siku hizo mtoto huhesabiwa kuwa alikuwepo shuleni. Kwa hiyo familia yenye uwezo wa kumpeleka mtoto kutembelea majumba ya makumbusho ya Ulaya, ikijaza fomu mapema, haiipunguzii wilaya chochote. Familia ambayo mtoto wake amelazwa na nimonia siku tano inaipunguzia siku tano. Sipingi watoto kusafiri. Nauliza ni nani aliyekuwa akifikiriwa wakati kifungu hicho kinaandikwa.

Halafu kuna mabasi. Wenyeji wa Louisville hawajasahau siku ya kwanza ya masomo mwezi wa Agosti 2023, ambapo ratiba mpya ya mabasi ilivurugika na watoto wa mwisho wakafikishwa nyumbani karibu saa nne usiku, kisha shule zikafungwa kwa zaidi ya wiki moja. Mwaka uliofuata wilaya iliondoa mabasi kwa wanafunzi wengi wa shule za kuchaguliwa na mzazi (magnet), kwa kukosa madereva. Mzazi anayeingia kiwandani saa kumi na mbili asubuhi na hana gari la pili afanye nini? Utasema wilaya ilijiletea yenyewe, na huenda kwa sehemu ni kweli. Lakini fedha zinazokatwa kwa sababu watoto hawakufika ndizo ambazo zingeajiri madereva.

Mchangiaji, Bowling Green

Niruhusuni nilete hoja isiyowafurahisha wote watatu. Mnajadili kipimo kana kwamba mfuko unapanuka. Haupanuki. Bunge hupanga kwanza kiasi litakachotoa, kisha kiwango cha msingi huwekwa kiendane na kiasi hicho, na historia ya karibuni inaonyesha jinsi lilivyo gumu kukiongeza: kilibaki dola 4,000 kwa miaka minne mfululizo, hadi 2022. Mkihamia kwenye uandikishaji bila fedha mpya, kiwango kwa kila mtoto kitashuka, basi.

Tufanye hesabu. Kama wastani wa jimbo ungekuwa asilimia 92, kiwango cha 4,586 kingepaswa kushuka hadi kama dola 4,219 ili jumla isibadilike. Wilaya ya watoto 1,000 yenye mahudhurio ya asilimia 96 ingepoteza takriban dola 183,000, na wilaya ya ukubwa huo huo yenye asilimia 88 ingepata kiasi kile kile. Kwa hiyo mleta mada haombi haki ya jumla. Anaomba fedha zihamishwe kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Anaweza kuwa na sababu nzuri, ila aseme hivyo waziwazi, kwa sababu wabunge wa zile wilaya za asilimia 96 wataisoma hesabu hii siku ya kwanza.

Mbali na hilo, nadhani tatizo kubwa zaidi liko mahali ambapo hamjagusa, yaani katika ngazi mbili za kodi ya ziada. Wilaya inaweza kujitoza zaidi ya zile senti 30. Katika ngazi ya kwanza, hadi kikomo fulani, jimbo huiongezea wilaya yenye mali ndogo ili isiachwe nyuma. Katika ngazi ya pili jimbo haliongezi kitu. Wilaya yenye majumba ya thamani hujitoza kidogo ikapata kingi. Kaunti za mashariki, ambako migodi ya makaa ya mawe imefungwa na thamani ya mali imeporomoka, hujitoza sana zikapata kidogo. Pengo lile ambalo mahakama ililikataa mwaka 1989 linarudi kupitia mlango huo, na kubadilisha kipimo cha mahudhurio hakutaufunga.

Mleta mada

Nimesoma wote, na nianze na ndugu wa Bowling Green kwa kuwa amenibana mahali panapostahili. Ndiyo, bila fedha mpya hili ni suala la kuhamisha. Nasema waziwazi kwamba naunga mkono uhamisho huo. Wilaya yenye mahudhurio ya asilimia 96, kwa kawaida, ni ile ambayo wazazi wana magari mawili, bima ya afya na ajira yenye likizo ya ugonjwa. Wilaya ya asilimia 88 inabeba watoto wenye mahitaji makubwa zaidi kwa fedha pungufu. Na kisiasa si ndoto. Miji yenye wahamiaji na kaunti za milimani mashariki, ambazo katika uchaguzi hupiga kura kwa namna tofauti kabisa, zina maslahi yanayofanana katika jambo hili. Mwezi wa Novemba 2024, pendekezo la kubadili katiba ili fedha za umma ziweze kwenda shule zisizo za umma lilikataliwa katika kaunti zote 120 za Kentucky. Watu wanaoweza kukubaliana kwa kiasi hicho juu ya kulinda fedha za shule wanaweza kusikilizana hata kuhusu namna ya kuzigawa.

Kuhusu ngazi za kodi ya ziada, sina ubishi; ni mjadala mwingine, na pengine ni mkubwa kuliko huu.

Hoja ya wanafunzi hewa naichukulia kwa uzito zaidi, lakini dawa yake inajulikana na Kentucky tayari inaitumia. Watoto wenye ulemavu, ambao nyongeza yao ni kubwa kuliko zote, huhesabiwa kwa majina katika siku moja ya Desemba, wala si kwa wastani wa mahudhurio. Kama jimbo linaiamini hesabu hiyo kwa mtoto anayeongezewa zaidi ya dola 10,000, haieleweki kwa nini lisiiamini kwa mtoto wa dola 4,586. Nami nisingependekeza siku moja, bali tarehe kadhaa katika mwaka, ili aliyepotea Oktoba asilipiwe hadi Mei. Illinois iliacha mahudhurio na kuhamia kwenye uandikishaji ilipobadilisha mfumo wake mwaka 2017, na Mississippi ikafanya hivyo mwaka 2024. California bado inatumia mahudhurio, ila tangu 2022 wilaya inaweza kutumia wastani wa miaka mitatu iliyopita ikiwa una faida kwake, jambo linalopunguza mshtuko wa mwaka mmoja mbaya. Kama wengi hapa hawako tayari kuacha kipimo cha mahudhurio, basi hiyo ya California ndiyo njia ya kati ninayoweza kuikubali.

Nakubali pia kwamba shule inahitaji sababu ya kumtafuta mtoto. Lakini sheria ya 2024 imeshaweka msukumo wa aina nyingine, kwa kuitaka shule kumjulisha mwanasheria wa kaunti mtoto wa shule ya msingi anapofikisha siku 15 za utoro usio na ruhusa, na katika familia zetu msukumo huo tayari unasikika vya kutosha.

Bajeti ya Kentucky huandikwa mara moja kila baada ya miaka miwili, katika kikao cha siku 60 kinachoanza Januari ya mwaka unaogawanyika kwa mbili na kumalizika katikati ya Aprili. Anayetaka kumwandikia mbunge wake amwandikie kabla ya kikao, na aombe mambo mawili yanayotajika kwa namba: kipimo cha uandikishaji au wastani wa miaka mitatu, na nyongeza ya mtoto anayejifunza Kiingereza ipandishwe kutoka 0.096. Hilo la pili hakuna aliyelipinga hapa, nami ningependa kusikia kutoka kwa walimu waliomo humu ni kiwango gani kingewatosha darasani.