Kompyuta inasema imemaliza kuhamisha faili kumbe bado, halafu lawama nabebeshwa mimi!

Wakuu, hasira niliyonayo leo si ndogo. Jana usiku nimehamisha folda ya picha za miaka 6 kwenda diski ya nje. Nimehamisha, sikunakili, kwa hiyo kule zilikotoka zimefutwa. Asilimia zikapanda mpaka 100, dirisha likajifunga lenyewe, nikachomoa waya. Asubuhi nachomeka: picha kibao hazifunguki, nyingine zina baiti 0. Na juu yake naonywa kwamba sikuitoa diski kwa usalama.

Sasa nani aliyeniambia kazi imeisha?

Mifumo endeshi hii hupokea data kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwanza, kisha huziandika kwenye diski taratibu. Kwenye Linux, kwa mipangilio ya kawaida, data zinaweza kukaa humo kama sekunde 30 kabla hazijaanza kuandikwa, na flashi ikiwa nzito basi foleni ni ya dakika kadhaa. Naelewa, RAM ina kasi. Lakini kama data ziko njiani, asilimia 100 ni za nini? Huo ni uongo.

Ukifuata utaratibu nako unaambiwa kifaa kinatumika. Kinatumiwa na nani? Kimya. Unafunga madirisha yote, kumbe ni antivirusi inakagua. Na mfumo unamjua mhusika! Kwenye Linux, amri ya lsof, inayoorodhesha faili zilizofunguliwa na nani kazifungua, humtaja programu kwa programu. Kwa nini jina lisiandikwe palepale kwenye onyo?

Msiniambie haiwezekani. Windows 10 toleo la 1809, mwaka 2018, iliacha kulimbikiza data za diski za nje kwenye RAM kama chaguo la msingi. Haimwokoi anayechomoa katikati ya kuandika, hasa kwenye FAT32 na exFAT (mifumo ya kupanga faili kwenye diski) ambazo hazina jarida, yaani rekodi ya mabadiliko ya kurekebishia mambo. Hata lile jarida la NTFS, mfumo mwingine wa kupanga faili, hulinda mpangilio wa faili, si picha yenyewe. Ila angalau wamepunguza hatari.

Ninachodai: dirisha la kuhamisha lisifungwe, na faili asilia isifutwe, mpaka data zimefika kwenye diski kweli.

Kompyuta nimeizima ili pale picha zilipofutwa pasiandikwe kitu kingine, naandika kwa simu. Aliyewahi kurejesha faili zilizofutwa kwenye SSD (diski ya ndani isiyo na sehemu zinazozunguka) aje hapa tafadhali, alianzia wapi?